Kelele ya Hiari: Masikio na Koo la Mpiga Graindikoo

Katika mafunzo ya afya kazini, mfano uliozoeleka wa mtu aliyepungukiwa usikivu kwa sababu ya kelele ni mwendesha mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea vyuma, au mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mtu huyo hakuichagua kelele. Aliikuta palipokuwa na riziki yake. Lipo kundi jingine lisilotajwa sana katika mafunzo hayo: watu wanaoitengeneza kelele kwa hiari, wakainoa, wakaipenda, na wakatoa fedha zao mfukoni ili waipate zaidi. Miongoni mwao ni wanamuziki wa bendi ndogo zinazopiga graindikoo. Jina la muziki huo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kusaga, na yeyote aliyewahi kusimama mlangoni pa mashine ya mahindi wakati mota imeshika kasi atakuwa tayari ameelewa nusu ya maelezo.

Mwanamuziki wa namna hiyo anapofika kliniki akilalamika kwamba masikio yanavuma usiku, au kwamba sauti imemkauka tangu wiki tatu zilizopita, mara nyingi huondoka na ushauri mmoja tu: aache. Haachi. Wala harudi tena. Naye mhudumu wa afya hujifariji kwa kusema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo haimtendei haki mgonjwa huyu, kwa kuwa alichopewa hakikuwa dawa bali amri ya kuacha kuwa yeye. Ukali wa muziki wake na kiasi cha sauti kinachoingia sikioni mwake ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni sanaa aliyoichagua. La pili hutokana na chumba, vifaa na mazoea, nalo hurekebishika bila noti hata moja kubadilishwa.

Muziki wenyewe

Graindikoo ilizaliwa katikati ya miaka ya 1980, pale panki ya kasi ilipokutana na metali. Albamu inayotajwa zaidi kuwa mwanzo wake ni Scum ya kundi la Napalm Death la Birmingham, Uingereza, iliyotolewa mwaka 1987 na kampuni ndogo ya Earache ya mjini Nottingham. Albamu hiyo ina nyimbo 28 katika muda wa dakika 33 hivi, na pande zake mbili zilirekodiwa kwa nyakati tofauti na watu tofauti. Aliyekuwapo pande zote mbili ni mpiga ngoma Mick Harris peke yake. Wimbo mmojawapo, You Suffer, huisha kwa sekunde moja na chembe, na umeingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa wimbo mfupi kuliko zote.

Uti wa mgongo wa muziki huu ni mapigo ya mlipuko: ngoma ya mguu, ngoma kali ya kati na toazi hupigwa kwa kupokezana upesi mno, hata sikio likaacha kuhesabu na kusikia ngurumo moja. Juu yake hupanda gitaa lililolegezwa nyuzi na kukwaruzwa kwa makusudi, kisha sauti ya mtu inayonguruma au kupiga yowe. Maneno yake mara nyingi ni malalamiko mazito kuhusu vita, unyonyaji na njaa, ingawa msikilizaji mgeni hataambulia neno. Kundi la Carcass la Liverpool lilikwenda njia nyingine. Albamu yake ya mwaka 1988, Reek of Putrefaction, imejaa istilahi za patholojia zilizokusanywa kwa bidii ambayo wahadhiri wengi wangependa kuiona kwa wanafunzi wao wa mwaka wa pili.

Bendi ndogo huru za mtindo huu huipenda sauti mbichi. Hurekodi kwa siku chache, wote wakipiga pamoja chumbani, bila kusafisha makosa. Huzalisha kanda au sahani chache kwa fedha zao, na kuziuza mlangoni siku ya onyesho. Wapenzi wa muziki huu hawauoni ubichi huo kuwa umaskini. Ni kama tofauti ya mkeka wa ukili uliosukwa kwa mkono na zulia la kiwandani: anayeupenda mkeka anataka kuuona ukindu.

Afrika Mashariki nayo imo. Kundi la Duma la Nairobi, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, lilitoa albamu yenye jina hilohilo mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka mnyama mwenye mbio, lakini jina lilichukuliwa kwa maana ya giza katika Kikuyu. Muziki wao unachanganya graindikoo na kelele za mitambo, na midundo yake imetengenezwa kwa kompyuta. Jambo hilo la mwisho laweza kuonekana dogo; kwa upande wa masikio ni kubwa, kama itakavyoonekana.

Chumba cha mazoezi

Hadhira ya graindikoo hukaa ukumbini usiku mmoja na kwenda zake. Wimbo ni wa dakika moja, onyesho zima huenda likawa la dakika 20. Bendi yenyewe, hata hivyo, imefanya mazoezi ya saa mbili au tatu, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, ili dakika hizo 20 zisivurugike. Ndiyo maana kumuuliza mwanamuziki kuhusu maonyesho yake pekee ni kuuliza swali dogo. Kipimo kikubwa cha kelele hakipatikani jukwaani, kinapatikana mazoezini, mahali ambapo hakuna fundi mitambo, hakuna mwangalizi, na mara nyingi hakuna hata dirisha.

Chumba chenyewe ni gereji, stoo, au chumba cha nyuma kilichokodiwa kwa saa. Uwanjani, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali kutoka chanzo chake unapoongezeka maradufu. Katika chumba kidogo cha zege unafuu huo haupo: kuta, dari na sakafu huirudisha sauti kwa waliomo. Magodoro na mablanketi ukutani humeza sehemu ya milio ya juu. Trei za mayai, ambazo vijana wengi huziamini, hazifanyi karibu chochote.

Kisha kuna ngoma. Gitaa lina kitufe cha kupunguza sauti, ngoma haina. Drami inayopigwa mapigo ya mlipuko katika chumba kidogo hupita desibeli 100 bila spika yoyote kuwashwa, na huo ndio unaokuwa ukingo wa chini wa kelele yote. Mpiga gitaa hupandisha amplifaya ili ajisikie juu ya ngoma. Mpiga besi humfuata. Mwimbaji hupandisha maikrofoni mpaka spika ianze kupiga mbinja, na anapokuwa bado hajisikii, huongeza nguvu ya koo. Saa moja baadaye masikio ya wote yamechoka na kufubaa, hivyo kiwango kilichotosha mwanzoni huonekana hafifu, na mzunguko huanza upya ukiwa juu zaidi. Hakuna aliyekusudia kufika huko. Kundi linalotumia midundo ya kompyuta, kama Duma, limebahatika katika hili: ukingo wake wa chini una kitufe.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kwamba mfanyakazi asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila inapoongezeka desibeli 3, muda huo ukatwe nusu. Desibeli 88 ni saa 4; desibeli 94 ni saa 1; desibeli 100 ni dakika 15. Kwenye desibeli 103, kiwango ambacho si cha ajabu katika chumba kilichoelezwa hapo juu, posho ya siku nzima ni dakika saba na nusu. Bendi huwa inaimaliza kabla haijafika wimbo wa kumi, hata kwa nyimbo fupi kama hizi. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2022 viwango vya kumbi na maonyesho ya muziki, likiweka wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, pamoja na kutaka hadhira ipewe vizibo vya masikio na sehemu tulivu ya kupumzikia. Viwango hivyo viliandikwa kwa ajili ya kumbi. Gereji haikaguliwi na mtu.

Kinachoharibika

Sauti hutikisa kiwambo cha sikio, ikapitia vifupa vitatu, ikaingia katika koklea, yaani mfereji uliojikunja mfano wa konokono na kujaa majimaji. Humo zimo seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Mtu huzaliwa nazo na ndizo hizohizo atakazozikwa nazo. Zikifa hazioti tena. Kelele kubwa huzichosha, na ikirudiwa huziua, ikianza kwa kawaida na zile zinazopokea milio ya kati ya hezi 3,000 na 6,000.

Hasara hiyo haianzi kwa ukimya. Mgonjwa anaendelea kusikia kwamba watu wanazungumza, kwa sababu irabu hubebwa na milio ya chini ambayo bado anaipata. Anachopoteza ni ukali wa konsonanti. Paka, pata na pasa huanza kufanana, hasa mezani, kwenye daladala, au mahali popote penye watu wengi. Huwaambia ndugu zake waache kunong’ona. Wao hudhani ameanza dharau.

Kuna imani iliyoenea kwamba masikio yakivuma baada ya mazoezi na asubuhi yakatulia, basi hakuna kilichotokea. Ni kweli kwamba usikivu uliofubaa unaweza kurejea baada ya saa kadhaa au siku moja mbili. Lakini mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha, kwa uchunguzi wa panya, kwamba usikivu unaweza kurudi kwenye kiwango chake cha kawaida huku sehemu kubwa ya viungio vya neva na seli zile ikiwa imekwisha kupotea moja kwa moja. Kwa maneno mengine, kipimo kilichorudi sawa si lazima kiwe cheti cha usalama. Mvumo wa asubuhi unastahili kuchukuliwa kama moshi: moto huenda umezimika, ila kitu kimeungua.

Kuhusu vizibo

Wanamuziki wengi hukataa vizibo kwa sababu moja, nayo si ya kipuuzi. Walijaribu vya sponji, muziki ukageuka kuwa mngurumo kama unaosikika kutoka nyumba ya jirani, wakavitupa. Kizibo cha sponji hukata milio ya juu kuliko ya chini, hivyo malalamiko yao ni ya kweli. Vipo vizibo vyenye kichujio, vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, ambavyo hupunguza milio ya juu na ya chini kwa kiasi kinachokaribiana. Sauti hubaki na umbo lake, ila huwa kama imesogezwa mbali. Pamba, karatasi laini na vipande vya kitambaa havisaidii kitu, na visipewe nafasi hata ya dharura.

Hesabu ya faida ni rahisi. Kizibo kilichovaliwa vema na kupunguza desibeli 15 tu huishusha kelele ya desibeli 103 hadi 88, na dakika saba na nusu zikawa saa 4. Mazoezi yote yanaenea humo, na kurekodi kubichi kunabaki kubichi, kwa kuwa maikrofoni haivai kizibo. Mpiga ngoma anaweza kuvaa vizibo na kofia ya masikio juu yake. Ulinzi hautajumlishwa wote, lakini desibeli 5 hivi zitaongezeka, nazo si haba kwake yeye aliyekaa katikati ya matoazi.

Kizibo cha sponji kikiwa ndicho pekee kilichopo, thamani yake yote iko katika uvaaji. Mikono isafishwe, sponji isokotwe mpaka iwe nyembamba, mkono wa upande wa pili upite nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, kisha sponji iingizwe na kushikiliwa kwa kidole mpaka ivimbe. Ikionekana imetokeza nje, haijaingia. Mhudumu wa afya asitoe pakiti na kuaga. Amtazame mgonjwa akivaa mbele yake.

Mpangilio wa chumba nao una mchango. Amplifaya iliyowekwa sakafuni humpigia mwenyewe magotini na mwenzake wa upande wa pili usoni, kwa sababu milio ya juu hutoka kwenye spika ikiwa imenyooka kama mwanga wa kurunzi. Ikiinuliwa juu ya kreti na kuinamishwa kuelekea kichwa cha anayeipiga, yeye mwenyewe ataomba ipunguzwe. Dakika 10 za kutoka nje kila baada ya nyimbo kadhaa hukatiza ule mzunguko wa kupandishiana.

Koo

Sauti ya kunguruma inatisha wasioizoea, lakini si kila anayeinguruma anajiumiza. Waimbaji wenye mafunzo huitoa kwa kutetemesha mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, huku pumzi ikisukumwa kwa kiasi kutoka tumboni. Anayeumia ni yule anayeuiga mlio huo kwa kubana koo na kupiga yowe kwa nguvu zote, na sababu kubwa ya kufanya hivyo ndiyo ileile ya masikio: hajisikii. Mtu asiyeisikia sauti yake huiongeza bila kujua. Kumpa mwimbaji spika ndogo inayomwelekea yeye mwenyewe kunaweza kulitibu koo kuliko asali na tangawizi. Maji ya kutosha, kuacha sigara, na kutibiwa kiungulia kinachopanda hadi kooni husaidia pia. Kunong’ona baada ya sauti kukauka si mapumziko, kwa wengi huongeza mkazo. Mapumziko ni kunyamaza. Ukavu unaozidi wiki tatu au nne, au unaoambatana na damu, uvimbe wa shingo au shida ya kumeza, unahitaji zoloto litazamwe kwa kifaa, na haufai kupewa kozi nyingine ya antibiotiki.

Mbele ya mhudumu wa afya

Swali la kwanza si kama mgonjwa anapenda muziki wa kelele. Ni anapiga nini, kwa saa ngapi, katika chumba cha namna gani, na je, baada ya mazoezi masikio huvuma kwa muda gani. Aulizwe pia kuhusu kazi yake ya mchana, maana bendi hizi hazilishi mtu: huenda mpiga besi anashinda karakana ya useremala, na posho yake ya kelele inaisha kabla ya jua kuzama. Dawa ziulizwe. Jentamisini, streptomaisini na amikasini huweza kuua seli zilezile ambazo kelele inaziua, na mgonjwa anayepewa sindano hizo, kwa mfano katika matibabu ya kifua kikuu sugu, anapaswa kuambiwa waziwazi akae mbali na ngoma mpaka atakaporuhusiwa. Kwinini na aspirini kwa dozi kubwa huleta mvumo ambao kwa kawaida hutulia dawa inapokwisha.

Nta itazamwe kabla ya kuilaumu gitaa. Usikivu uliopotea ghafla ndani ya siku tatu au chini yake, hasa wa sikio moja, ni dharura: mgonjwa afikishwe kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo, kwa kuwa matibabu ya steroidi hufaa zaidi yakianza mapema. Mvumo wa sikio moja usiokoma, mvumo unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo, au kizunguzungu, navyo visihusishwe na muziki kwa kukisia tu.

Kwa mgonjwa ambaye mvumo wake umekuwa wa kudumu, jibu la kwamba hakuna la kufanya si sahihi, na humwacha peke yake na usiku. Mvumo wenyewe huenda usiondoke, lakini usumbufu wake hupungua kwa wengi: sauti hafifu chumbani wakati wa kulala, kama feni au redio ya chini, hupunguza ukali wake, ushauri nasaha wenye mbinu za kubadili mwitikio wa mgonjwa una ushahidi mzuri, na pale usikivu ulipopungua, vifaa vya kusaidia kusikia mara nyingi hupunguza vyote viwili.

Kipimo cha usikivu kina manufaa zaidi kikifanywa kabla ya malalamiko, ili pawepo cha kulinganisha nacho. Katika chati ya aliyeumizwa na kelele, mstari hushuka karibu na hezi 4,000 kisha hupanda tena kwenye hezi 8,000, mfano wa bonde. Wanabendi waje wote kwa pamoja ikiwezekana, kwa kuwa mpiga ngoma hatavaa vizibo ikiwa wenzake watatu wanamcheka. Wasije asubuhi ya baada ya mazoezi: kipimo cha msingi kinataka masikio yawe yamepumzika mbali na kelele kwa saa 14 angalau. Nakala ya chati abaki nayo kila mmoja, ikiwa na tarehe, na arudi nayo mwaka unaofuata.